Mtoto Aanze na Mboga

Msikilizaji, leo naanza kwa kukuuliza swali. Mtoto wako, yule wa miaka 10 au 12, anaweza kupika nini peke yake, kikaiva na kikalika? Sikuulizi anapenda kula nini, maana hilo utalijibu haraka. Nauliza hivi: akiachwa nyumbani na sufuria, kitunguu, nyanya mbili na fungu la mchicha, wenzake watakaporudi watakuta chakula, au watamkuta naye anasubiri kupikiwa?

Kama ni binti, huenda ukanijibu kwamba anachemsha chai, anasonga ugali, na wali wake siku hizi hautoki bokoboko. Kama ni mvulana, huenda ukacheka tu. Majibu hayo mawili, lile la ugali na lile la kicheko, ndiyo yaliyonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Habari za lishe tumezoea kuzitoa kwa mdomo. Kliniki tunasikia, darasani tunaandika, ukutani mwa zahanati kuna bango. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu mwaka 1973, na mwaka 2023 Tanzania Bara ilipata mwongozo wake wa kitaifa wa chakula na ulaji. Ushauri uliomo ni mzuri, sina ugomvi nao. Shida ni kwamba mwanafunzi anaweza kuyataja makundi ya vyakula yote bila kukosea hata moja, akapata vema zake, kisha kengele ya mapumziko ikilia akaenda moja kwa moja kwa muuza chipsi. Ukimuuliza mboga za majani zina faida gani, anakujibu vitamini na madini. Ukimpa hizo mboga mkononi, hajui aanzie wapi.

Nataka nikusimulie utafiti mmoja mdogo. Mwaka 2014 watafiti nchini Uswisi walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto 47 wenye umri wa miaka 6 hadi 10. Watoto waligawanywa makundi mawili. Wa kundi la kwanza walipika mlo wa mchana pamoja na mzazi. Wa kundi la pili mzazi alipika peke yake. Kisha wote wakakaa kula chakula cha namna moja. Wale waliopika walikula saladi nyingi zaidi kuliko wenzao, nyongeza ya karibu asilimia 76. Hapo mwalimu wa lishe atapiga makofi.

Lakini ngoja kwanza, maana matokeo hayakuishia kwenye saladi. Watoto hao waliopika walikula pia kuku mwingi zaidi, kwa asilimia 27 hivi, na chakula chote kwa jumla kilikuwa na nishati zaidi kwa karibu robo. Kwa maneno mengine, mkono uliopika ulikula zaidi kila kilichokuwa mezani, cha majani na kisicho cha majani.

Watoto 47 ni wachache, na mlo ulikuwa mmoja, kwa hiyo tusiujengee ghorofa utafiti huo. Hata hivyo unatueleza jambo ambalo mama yeyote anaweza kulithibitisha nyumbani kwake: mtoto hukipenda alichokipika. Maandazi aliyoyaumba yeye, hata yakitoka na pembe saba, ndiyo matamu kuliko ya dukani. Sasa hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Ikiwa mtoto atakula zaidi kile alichojifunza kupika, basi swali la kwanza linakuwa hili: tunamwanzisha na nini?

Tazama tunavyofanya. Binti anaanza na chai, kisha uji, ugali, wali. Akishakubuhu anapewa chapati na maandazi. Yote hayo ni wanga, na mengine ni wanga uliotiwa sukari au uliopita kwenye mafuta. Mboga anabaki nayo mama, na sababu yake inaeleweka: ukiharibu ugali umeharibu unga, lakini ukiharibu kitoweo umeharibu chakula cha nyumba nzima, na fedha ya siku imekwenda. Mvulana naye, kama atafundishwa na mtu, atafundishwa na njaa. Akianza kujitegemea huko geto, somo lake la kwanza ni mafuta: leo mayai ya kukaanga, kesho viazi vya kukaanga, siku moja anavichanganya vyote viwili, anapata zege lake na anajiona mpishi.

Kwa hiyo tunao vijana wanaojua kupika, ila wanajua kupika nusu ya sahani. Ile nusu nyingine, ambayo ndiyo daktari anaililia, hawajaigusa.

Wahenga wetu wa pwani walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mtu wa methali hiyo hakuwa na wasiwasi na wali, wali ulikuwepo. Kilichompeleka ufukweni kugaagaa ni kitoweo. Sisi leo tunawafundisha watoto wetu kupika wali, halafu tunawaacha waule mkavu, au waumwagie kiungo cha mchemraba kilichojaa chumvi.

Ndiyo maana nasema mtoto aanze na mboga. Na nikisema mboga, naomba tuanze na mchicha, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, unaiva upesi, na fungu lake gengeni ni bei ndogo kuliko sahani ya chipsi. Hata akiuharibu, hasara haitawalaza njaa.

Naomba tuingie jikoni kidogo, msikilizaji, maana katika sufuria ya mchicha mna masomo mengi kuliko unavyodhani.

Kwanza, kuchambua. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kazi hii. Aketi na ungo, atoe mizizi, atoe majani ya njano na yaliyotobolewa na wadudu, abakize majani na vishina laini. Mikono yake inajifunza tofauti ya kilicho kibichi na kilichochoka. Siku akienda gengeni mwenyewe, hatauziwa fungu la jana.

Pili, kuosha. Mchicha una mchanga, na mchanga hauondoki kwa maji ya mara moja. Aoshe, amwage, aoshe tena, mpaka akipapasa chini ya beseni asikute chembe. Hapa mwambie sababu ya kuosha kabla ya kukata. Vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B huyeyuka katika maji. Ukikata kwanza ndipo uoshe, umefungua mlango zitoke, na maji ya kuoshea yanakwenda nazo shimoni.

Tatu, moto. Mafuta kidogo, kitunguu, nyanya. Nyanya ikishalainika, mchicha unaingia bila kuongezewa maji, kwa kuwa maji yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Afunike kwa dakika chache tu. Sufuria iliyokuwa imejaa pomoni sasa ina mboga ya kiganja, mchicha umenywea. Mtoto atashangaa, na huo mshangao ndio wakati wa kumfundisha chumvi. Angetia chumvi mwanzoni kwa kutazama lile rundo, mboga isingelika. Chumvi isubiri majani yanywee, na iwe kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa vizuri, na mtoto anahitaji pungufu ya hapo.

Nne, kuipua. Wengi wetu tumekulia mboga iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya jani kavu. Joto likizidi na muda ukizidi, vitamini C inaharibika. Mchicha uipuliwe ungali kijani. Mtoto aone rangi, asiangalie saa.

Tano, kuunga na kumalizia. Ukiunga kwa karanga zilizosagwa au kwa tui la nazi, ladha inapanda, lakini kuna faida nyingine. Majani ya kijani yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho, na mwili huvinyonya vizuri zaidi vikiwa pamoja na mafuta kidogo. Bibi zetu walioweka nazi kwenye mchicha hawakusoma kemia, ila mapishi yao yalikuwa na hesabu. Kamulia na ndimu mezani, kwa sababu vitamini C ya ndimu huusaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai nayo hufanya kinyume. Ukiinywa pamoja na mlo, inazuia sehemu ya madini hayo yasinyonywe. Kwa hiyo ile chai ya kushushia ugali na mboga isogezwe mbele saa moja hivi. Kwa binti aliyevunja ungo, ambaye hupoteza damu kila mwezi, jambo hilo ni la maana sana.

Umeona? Sufuria moja, na mtoto amesoma usafi, sayansi, bajeti na ladha. Na hakuna aliyempa mtihani.

Akishaumudu mchicha, apande ngazi. Apewe matembele, majani ya maboga, bamia, mlenda. Kisha maharage. Hapa kuna somo la kufikiri mapema: anayetaka kula maharage kesho ayaloweke usiku huu. Yakilowekwa na maji yake yakamwagwa, yanaiva haraka na yanapunguza mkaa au gesi. Lakini lazima yachemke sawasawa mpaka yaive, kwani maharage mabichi yana sumu inayosumbua tumbo. Ukiyaweka pamoja na wali, protini ya maharage na ya mchele zinakamilishana, kila moja ikileta kilichopungua kwa mwenzake. Wali maharage ni mlo wa heshima, wala tusiuite chakula cha shida.

Dagaa nao wasisahaulike. Mtoto awachambue, aondoe mchanga, awaoshe kwa maji ya moto. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yao, anapata madini ya kalisi. Akifikia kisamvu, aelezwe kwa uzito wake kwamba majani ya muhogo mabichi hutoa sianidi, na ndiyo sababu yanatwangwa, yanachemshwa kwa muda mrefu bila haraka, na hayaonjwi mabichi. Kinu na mchi vina sababu yake.

Na sukari, msikilizaji? Sukari nayo ina somo la jikoni. Badala ya kumkataza mtoto soda kila siku mpaka sauti ikukauke, mpe kijiko cha chai, bakuli la sukari na glasi ya maji. Mwambie ahesabu. Chupa ya soda ya mililita 300 mara nyingi huwa na sukari ya gramu 30 hivi, ambayo ni vijiko 7 au 8 vya chai. Aviweke vyote kwenye glasi moja, akoroge, aonje. Kisha akamue machungwa, au asage embe na maji, anywe bila kuongeza kitu. Mtoto aliyeiona sukari ikiingia kijiko kwa kijiko ataisoma soda kwa jicho jingine. Sisemi hataitaka tena. Nasema atajua anachokinywa.

Sasa nirudi kwa yule mvulana aliyetuchekesha mwanzo.

Jamii yetu ina jambo la ajabu. Nenda kwenye harusi ya pwani, utamkuta mwanamume amesimama juu ya sufuria la pilau, jasho linamtoka, mwiko mkononi mrefu kama kasia, na watu wanamwita fundi. Nenda Forodhani, Unguja, jioni: wanaosukuma unga, wanaochoma mishikaki na kukamua miwa wengi wao ni wanaume. Anayekaanga chipsi ni mwanamume, anayechoma nyama baa ni mwanamume, mpishi mkuu wa hoteli ya kitalii mara nyingi ni mwanamume. Tunakula mikononi mwa wanaume kutwa nzima na hatuoni haya. Ila mwanamume akipika kwa kulipwa ni fundi, na akimpikia mdogo wake aliyerudi shule na njaa, jirani anauliza mama yenu kaenda wapi.

Gharama ya mzaha huo tunailipa kwa mwili. Kijana anahitimu kidato cha nne, anakwenda chuo au anaanza kazi, anapanga chumba. Hajui kupika mboga. Kwa miaka mitano au kumi, mpaka atakapooa, anakula kibandani: chipsi, nyama, soda. Wenzake wanamwita bachela, nasi tunamsikitikia kwamba amekosa mke, wakati alichokosa ni somo la nusu saa alilopaswa kulipata akiwa na miaka 11.

Wenzetu wengine wamelishughulikia hilo kwa sheria. Japani, maarifa ya nyumbani yalifanywa somo la wavulana na wasichana kwa pamoja katika shule za kati mwaka 1993, na katika shule za sekondari za juu mwaka 1994. Kabla ya hapo somo lilikuwa na sura ya kike kama lilivyokuwa kwetu. Mwaka 2005 nchi hiyo ikatunga sheria mahususi ya elimu ya chakula. Katika shule nyingi huko, wanafunzi wenyewe huvaa aproni na kofia na kuwapakulia wenzao chakula cha mchana. Uingereza nayo, tangu Septemba 2014, mapishi yamo kwenye mtaala wa lazima kwa watoto mpaka umri wa miaka 14. Brazil, katika mwongozo wake wa ulaji wa mwaka 2014, iliandika wazi kwamba ujuzi wa kupika uendelezwe na kurithishwa, hasa kwa watoto na vijana, bila kubagua wa kike na wa kiume.

Nasi hatuanzi kutoka sifuri. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba, na wengi waliosoma zama hizo wanayakumbuka majembe kuliko vitabu. Tulikuwa na mchepuo wa sayansi kimu katika sekondari, ingawa ulijaa wasichana na wavulana wakaelekezwa kwenye useremala na umeme. Tukichukua lile shamba na ile sayansi kimu, tukaviunganisha na kuufungua mlango kwa jinsia zote, tunalo somo letu wenyewe.

Halihitaji jengo la mamilioni. Shule inayopika chakula cha mchana tayari ina jiko, ina sufuria na ina mpishi. Mpishi huyo tunamtazama kama mtu wa kukoroga uji tu, kumbe anaweza kupokea wanafunzi sita kwa siku, wavulana na wasichana, wakanawa mikono, wakachambua mboga iliyotoka kwenye bustani ya shule, wakaeleza darasa walichopika. Na sasa nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shule zinajenga majiko mapya ya gesi. Anayechora ramani ya jiko hilo angeacha kona moja yenye meza fupi, kimo cha mtoto. Meza tu.

Kuna nyumba nyingine ninayotaka kuigusa, msikilizaji, nayo ni ile yenye dada wa kazi. Baba na mama wanatoka alfajiri, wanarudi usiku baada ya foleni. Dada anapika asubuhi, mchana na jioni. Mtoto wa nyumba hiyo haingii jikoni kabisa, kwa kuwa dada yupo. Utakuta chini ya paa moja binti wa miaka 18 anayelisha watu sita, na kijana wa miaka 18 asiyeweza kuchemsha yai. Huyo wa pili ndiye tuliyemlipia ada kubwa. Mwambie mwanao Jumamosi asimame pembeni ya dada, aombe kufundishwa, na amwite mwalimu wake. Atajifunza kupika, na atajifunza kumheshimu anayempikia.

Lakini nitenganishe mambo mawili hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Kumfundisha mtoto kupika ni kitu kimoja, na kumtumikisha jikoni ni kitu kingine. Binti anayetoka shule, akapika kwa ajili ya watu wanane, akaosha vyombo, akafungua daftari saa nne usiku macho yakimfumba, huyo hafundishwi, anabebeshwa mzigo. Kufundisha kuna mtu mzima pembeni, kuna maelezo, kuna zamu, na zamu inamfikia kaka yake pia.

Na usalama. Jiko lina moto na visu, hakuna anayebisha. Mtoto mdogo achambue, aoshe, akoroge visivyo vya moto, atayarishe meza. Akifika miaka minane au tisa apewe kisu kidogo na kibao cha kukatia, huku ukimwonyesha namna ya kukunja vidole. Moto aukaribie akiwa na mtu mzima, mpini wa kikaango ugeuziwe ndani, na nguo zake zisiwe za kupwaya. Afahamu kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji, yanafunikwa kwa mfuniko na jiko linazimwa. Akinusa gesi, asiwashe kiberiti wala taa. Afunge koki kama anaifikia, afungue madirisha, atoke, aite mkubwa. Jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila harufu. Na akiungua, aweke mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na ute wa yai tuviache. Mtoto aliyefundishwa haya yuko salama kuliko yule aliyekatazwa jiko, kwa sababu huyo wa pili ataliwasha siku mtakayokuwa hampo.

Huenda kuna msikilizaji anasema, wewe unazungumzia mapishi, na wengine hawana cha kupika. Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Idadi hiyo imeshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Huko kuna umaskini, maradhi, maji machafu, mama aliyechoka na kazi. Somo la mapishi halitaziba hayo yote, na anayekuahidi kwamba litaziba anakudanganya. Upande wa pili, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 duniani, wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na uzito uliozidi. Miji yetu inayaona matatizo hayo yote mawili, wakati mwingine katika mtaa uleule.

Ila fikiria hivi. Udumavu huanzia tumboni na katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto huyo anategemea anachokula mama yake mjamzito, na baadaye anachokorogewa kwenye kibakuli. Mvulana tunayemfundisha leo kupika dagaa, maharage na mchicha, baada ya miaka 15 ndiye baba atakayejua kwamba uji mweupe mtupu haumtoshi mtoto wa miezi minane, na ataongeza karanga, dagaa waliosagwa au yai bila kusubiri kuambiwa. Mapishi ya mtoto ni lishe ya mjukuu.

Basi, tufanye nini wiki hii? Sitaki tuagane na maneno matupu. Jumamosi mpe mtoto fedha kidogo aende gengeni achague fungu mwenyewe. Akirudi, mwachie ungo, beseni na kisu kinachomfaa. Kaa karibu, jibu anachouliza, ila usimnyang'anye mwiko. Mboga ikizidi chumvi, ile na ugali mwingi na usimcheke, kwani akichekwa siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Na Jumamosi inayofuata apike tena mboga ileile. Wataalamu wa ulaji wa watoto wanatuambia kwamba chakula kigeni mtoto huhitaji kukionja mara nyingi, pengine nane, kumi au zaidi, kabla ulimi haujakizoea. Akikataa mara ya kwanza, usiandike kwamba hapendi mboga. Andika kwamba ameonja mara moja.

Na kama mtoto mwenyewe ni wa kiume, ombi langu namwelekezea baba. Usimwache aingie jikoni peke yake huku wewe umeketi sebuleni unasubiri kuitwa, maana somo atakaloliona hapo litafuta lile alilolisikia. Vua saa, kunja mikono ya shati, ingieni wote. Kama hata wewe hujui mchicha unaoshwa mara ngapi, mama atawafundisha wawili kwa pamoja, na nusu saa yake itakuwa imezaa mara mbili.